Adui Aliyemo Ndani ya Shina: Miti ya Matunda na Kahawa Mpakani

Katika wilaya za Tororo na Busia, na vivyo hivyo ng'ambo ya pili katika Busia ya Kenya, mwembe uliopandwa na babu ndio kivuli cha baraza, ndio chakula cha watoto katika miezi ambayo mtama wa mwaka jana umekwisha na wa mwaka huu haujaiva, na siku hizi ndio karo ya shule. Mchungwa nao umeingia katika hesabu hiyo. Ng'ombe akifa, kijiji kizima hupata habari kabla ya jua kutua, na bwana mifugo huitwa. Mwembe ukikauka, mwenyewe huutazama miezi miwili au mitatu, kisha huwaita wachoma makaa. Hakuna anayeuliza mti ulikufa kwa maradhi gani, wala hakuna anayelipasua gogo na kutazama ndani.

Twaona kwamba wakati umefika wa kulipasua gogo hilo. Maradhi ya majani na matunda yamekwisha kuzungumzwa sana, kwa sababu hujionyesha. Mkulima huona doa, hukasirika, hununua dawa. Maradhi ya shina ni ya namna nyingine. Kuvu huingia penye jeraha: tawi lililokatwa kwa panga, gome lililochubuliwa na kamba ya mbuzi, shina lililogongwa na jembe wakati wa palizi. Mvua huleta mbegu za kuvu, zisizoonekana kwa macho, nazo huota juu ya jeraha bichi na kushuka polepole katika mishipa ipandishayo maji kutoka mizizini. Mti hujitetea kwa kuiziba mishipa hiyo kwa gundi na utomvu, na hapo huwa kama mtu ajikabaye koo mwenyewe, maana kinga yake ndiyo inayozuia maji yasifike juu. Ukilikata tawi la mti wa namna hiyo utaona doa la kahawia, mara nyingi lenye umbo la kabari, limezungukwa na sehemu nyeupe iliyo hai. Huenda doa hilo lina umri wa miaka mitano. Jirani husema mwembe umekufa ghafla kwa jua la Januari. Kumbe jua limemalizia tu kazi iliyoanzwa na panga miaka kadhaa nyuma.

Miongoni mwa kuvu hizo, iliyoenea mno katika nchi za joto ni ile ambayo wataalamu huiita Lasiodiplodia theobromae. Hukausha miembe kuanzia ncha za matawi, huozesha embe kuanzia kikonyoni baada ya kuvunwa, na hushambulia hata mikakao na mizabibu. Ajabu yake ni kwamba huweza kukaa ndani ya tawi lenye afya bila kulidhuru, ikingoja. Mti ukipata kiu ya muda mrefu, ukikosa samadi, au ukijeruhiwa, mgeni huyo hugeuka mwizi. Kwa sababu hiyo dawa ya kunyunyiza majani haiwezi kuwa jawabu. Adui amekwisha kuingia nyumbani, naye hulala chumba kimoja na mwenye nyumba.

Mchungwa una adui wake pia, naye hutoka udongoni. Huyu, aitwaye Phytophthora, hupenda maji yaliyotuama. Hushika gome karibu na ardhi, gome likapasuka na kutoa machozi ya gundi, na mwishowe shina huzungushwa na kidonda kama pete. Hapa pana jambo ambalo wenye vitalu wetu hawana budi kulishika sana. Aghalabu michungwa yetu hubebeshwa juu ya shina la mlimau wenye ngozi ngumu, kwa sababu mlimau huo hukua upesi na huvumilia ukame. Lakini mlimau huo huo ni dhaifu mbele ya maradhi haya. Kwa hiyo mahali pa kubebeshea pawe juu, mbali na udongo, na mche usifukiwe mpaka shingoni kama watu wengi wafanyavyo wakidhani wanausaidia usianguke. Mche uliofukiwa hivyo umezikwa ukiwa hai.

Msomaji atauliza kama kweli maradhi ya shina yaweza kutikisa uchumi wa nchi. Jawabu limo katika kahawa.

Mwaka 1927, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, mibuni ilionekana ikinyauka upande mmoja, kisha yote. Katika miaka ya 1940 na 1950 maradhi hayo yaliangamiza mashamba mengi ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, yakazimwa kwa kung'oa miti na kuichoma, na kwa kupanda aina zenye kinga. Watu wakasahau. Yakazuka tena nchini Kongo, na mwaka 1993 yakatambuliwa Bundibugyo, magharibi ya Uganda. Kabla ya miaka kumi kupita yalikuwa yamefika karibu kila wilaya ilimayo Robusta. Mwaka 1997 yakathibitishwa mkoani Kagera, Tanzania. Kuvu inayoyaleta, Fusarium xylarioides, hukaa katika mishipa ya maji ya mbuni, na dalili yake haina shaka: ukilibandua gome karibu na ardhi, utaona rangi nyeusi yenye kuelekea buluu juu ya mti wenyewe. Dawa ya kuuponya mbuni ulioshikwa haikupatikana wakati ule, na haijapatikana hata leo.

Katika msimu wa 1996/97 Uganda iliuza nchi za nje magunia ya kilo 60 yapatayo milioni 4.2. Katika msimu wa 2005/06 magunia yalikuwa milioni 2 hivi. Hatusemi kwamba kuvu peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Bei ya kahawa duniani ilianguka mno mwanzoni mwa karne hii, na mibuni mingi ilikuwa imekwisha kuzeeka. Walakini hapana mtu aliyezunguka katika vijiji vya Robusta miaka ile ambaye angeweza kusema kwamba tatizo lilikuwa bei tu. Mashamba mazima yalisimama makavu kama fito.

Jinsi maradhi yale yalivyoenea ndilo fundisho kubwa kwetu sisi wa mpakani. Upepo na mvua vilisaidia, hapana shaka. Lakini mwanadamu alisaidia zaidi. Palizi ya jembe na panga ilijeruhi mashina, na panga lile lile lilitoka mti mgonjwa likaingia mti mzima. Mibuni iliyokufa ilibebwa nyumbani ikawa kuni, au ikachomekwa kuwa ua, na kila gogo lililobebwa lilikuwa mjumbe wa maradhi. Miche kutoka vitalu visivyokaguliwa ilimaliza yaliyosalia. Wakulima waliambiwa wang'oe na kuchoma pale pale shambani, wengi walisita. Sisi hatuwalaumu kwa haraka. Mbuni uliokauka upande mmoja bado ulikuwa na matunda upande wa pili, na mama asiye na kuni hawezi kutazama kuni zake zikiteketezwa bure shambani kwa ajili ya shamba la jirani. Amri inayomtaka maskini alipe gharama ya usalama wa wote, bila ya kumpa chochote mkononi, haitatiiwa usiku hata ikitiiwa mchana.

Kilichookoa Robusta ni uvumilivu wa watafiti wa kahawa walioko Kituza, wilayani Mukono. Walichagua mibuni iliyobaki hai katikati ya mizoga, wakaijaribu kwa kuiambukiza kwa makusudi, wakachuja tena na tena, mpaka mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii wakatoa aina saba za kwanza zenye kinga, zilizopewa jina la KR. Tangu maradhi yatambuliwe hadi mkulima apate mche wa kupanda ilipita miaka kumi na mitano na zaidi, na hata baada ya hapo miche haikutosha, kwa kuwa aina hizo huzalishwa kwa vipandikizi wala si kwa mbegu. Wenye miti ya matunda wapime wenyewe muda huo. Mwembe na mchungwa havina Kituza yao mpaka sasa.

Liko jambo moja la kupendeza katika habari hii ya kuhuzunisha. Kuvu iliyoua Robusta haikuigusa Arabika ya Mlima Elgon, ambao mtu wa Tororo huuona kaskazini yake kila asubuhi iliyo safi. Ethiopia wanayo ndugu ya kuvu hiyo, nayo huua Arabika na kuiacha Robusta. Basi neno "kahawa" halitoshi, wala neno "mwembe" halitoshi. Lazima ijulikane ni aina gani, imetoka wapi, na imebebeshwa juu ya nini.

Wazungu nao, wenye maabara na fedha, wamehangaika na mizabibu yao kwa namna hiyo hiyo. Nchini Ufaransa mizabibu hukauka kwa maradhi ya shina ambayo kwa muda mrefu yalizuiwa kwa chumvi ya sumu kali yenye aseniki. Sumu hiyo ilifanya kazi, lakini iliwadhuru walioinyunyiza, na mwaka 2001 ikapigwa marufuku. Tangu hapo hawajapata dawa ya kiwandani iliyochukua nafasi yake barabara. Wamerudi kwenye kazi ya mikono: kupogoa kwa wakati unaofaa, kufunika majeraha, kukata shina mpaka kufikia sehemu nyeupe isiyo na doa, na kuliacha chipukizi la chini lijenge mti upya. Kwa jirani zetu wa Tanzania, mkoani Dodoma, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, maana yake mkulima hupogoa mara mbili na kufungua majeraha mara mbili. Nchi za joto hazipewi na Mungu ule usingizi wa baridi ambao mzabibu wa Ulaya hupumzikia.

Sasa tuurudie mpaka wetu. Wilaya ya Busia ya Uganda ilizaliwa kutoka Tororo mwaka 1997. Busia ya Kenya, pamoja na nchi yote ya magharibi ya Kenya, ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda mpaka ulipohamishwa mwaka 1902. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, na mashamba ya ukoo mmoja huweza kuwa na bendera mbili. Inasemekana hata jina la bodaboda lilizaliwa hapa, kutokana na baiskeli zilizowavusha abiria kutoka kituo cha mpaka hadi kituo cha pili. Baiskeli hizo, na pikipiki zilizozirithi, hubeba kila kitu. Wazee wanakumbuka miaka ya 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda baada ya baridi kali kuunguza mashamba ya Brazil mwaka 1975, jinsi magunia yalivyovushwa usiku kwenda soko la Chepkube upande wa Kenya. Mpaka ulioshindwa kuzuia magunia hautazuia mche wa kimo cha dhiraa moja uliotiwa katika mfuko wa plastiki.

Na hapo ndipo penye hatari. Robusta, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa zao la Uganda, inaanza kuwavutia wakulima wa nchi za chini za magharibi ya Kenya, Busia ikiwa miongoni mwao. Mkulima wa Kenya akitaka miche, njia fupi ni kuvuka daraja au kuvuka kijito. Vivyo hivyo Mganda anayetaka mwembe uliobebeshwa, wa aina zinazopendwa sokoni Nairobi, huutafuta ng'ambo. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwezi Februari mwaka 2018, kimepunguza sana foleni ya malori, na wakaguzi wa mimea wa pande zote mbili wamo ndani yake. Tunakisifu. Lakini mkaguzi aliyeketi katika jengo hilo hukagua kinacholetwa mbele yake, na mche wa magendo haupitii mlango huo. Wala kumkamata mwenye baiskeli si dawa. Maradhi ya shina hayaonekani kwenye mche; mche mgonjwa na mche mzima hufanana kama mapacha. Ukaguzi wa kweli hufanyika kitaluni, na zaidi ya hapo, kwenye mti mama ambako kijiti cha kubebeshea kilikatwa.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba halmashauri za Tororo na Busia, pamoja na serikali ya kaunti ya Busia ya Kenya, ziwe na orodha moja ya vitalu vilivyokaguliwa, ibandikwe sokoni na misikitini na makanisani, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Miti mama ijulikane na ilindwe. Mche utakaotoka huko uvuke mpaka bila usumbufu na bila ushuru wa kumkatisha mtu tamaa. Kwani mche halali ukiwa ghali na wa taabu, mche wa gizani ndio utakaopandwa.

Twaongeza neno juu ya ugawaji wa miche ya bure. Mpango uitwao Operation Wealth Creation, ulioanzishwa mwaka 2013 na kuendeshwa na maofisa wa jeshi, uligawa mamilioni ya miche ya kahawa, machungwa na maembe nchini Uganda. Nia ilikuwa njema, na wako waliofaidika. Walakini malalamiko kwamba miche ilifika mvua zikiwa zimekwisha, au ilifika imechoka, yalisikika mara nyingi. Mche uliopandwa katika kiu ni mlango uliofunguliwa kwa kuvu ile inayongoja ndani. Heshima ya mpango wowote wa namna hii ihesabiwe kwa miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, si kwa idadi ya miche iliyoshushwa kutoka kwenye lori.

Mkulima mwenyewe anaweza kufanya mengi bila kungoja mtu. Apogoe wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari, siku ambazo mvua haitarajiwi, kwa maana jeraha lililokauka ni gumu kuingilika. Atumie msumeno au makasi makali, wala si panga lichanalo gome. Tawi lililokauka likatwe chini ya mwisho wa doa la kahawia, mpaka sehemu nyeupe ionekane pande zote, kisha vipande vichomwe hapo hapo. Kati ya mti na mti, chombo kipanguswe kwa spiriti, au kichovywe katika maji yaliyochanganywa na jiki, sehemu moja kwa tisa. Palizi karibu na shina ifanywe kwa mkono. Shamba la michungwa litengenezewe mifereji. Majani makavu yatandazwe juu ya mizizi ili kuhifadhi unyevu, ila yasiguse shina.

Majeraha makubwa yapakwe uji wa mrututu na chokaa: kilo moja ya mrututu, kilo moja ya chokaa, maji lita kumi, vikorogwe katika ndoo ya plastiki kwa sababu mrututu hula chuma. Wafaransa wa Bordeaux walivumbua mchanganyiko huu katika karne ya 19 kwa ajili ya majani ya mizabibu. Mrututu hununuliwa, chokaa haitushindi sisi watu wa Tororo, ambao mawe yetu yamekuwa yakisagwa kuwa saruji tangu miaka ya 1950. Ila upakwe kwa brashi penye jeraha na katika shina la mchungwa, usimwagwe ovyo, kwani shaba haiozi. Hujikusanya udongoni mwaka hadi mwaka na kuwadhuru minyoo wanaolisha shamba. Wako pia viumbe vidogo marafiki, kuvu ya jamii ya Trichoderma, ambavyo hupakwa juu ya jeraha ili vikae mahali ambapo adui angekaa. Kazi yao ni nzuri ikiwa vimepakwa mapema, kabla ya adui. Baada ya hapo havifukuzi mtu.

Tungependa kuonya juu ya desturi moja inayoenea, ya kuikata miembe mizee na kuibebesha upya kwa aina za kisasa. Ni desturi yenye faida, maana mti wenye mizizi mirefu huzaa mapema kuliko mche. Lakini shina lililokatwa lina jeraha pana kama sinia, na likiachwa wazi masika mazima, mkulima atakuwa amebadilisha mwembe mzee wenye afya kwa mwembe mpya wenye maiti ndani. Bwana shamba anayefundisha kubebesha afundishe na kufunika.

Hao mabwana shamba wenyewe ni wachache, na wengi wao wana kata nzima kwa pikipiki moja isiyo na mafuta. Kabla ya kununua dawa, halmashauri zinunue misumeno na mafuta hayo. Na pale inapolazimu kuchoma mti wa mtu kwa faida ya kijiji, mwenye mti apewe siku hiyo hiyo miche miwili iliyokaguliwa na mzigo wa kuni kutoka msitu wa halmashauri. Miche ya msimu ujao wa mvua imekwisha kuota, imepangwa kando ya barabara kutoka Malaba hadi Busia, ikingoja wanunuzi. Wakaguzi waanzie huko.